Mfahamu Korongo Taji, Ndege wa Ardhioevu za Ngorongoro na Mang'ola

Korongo taji ni miongoni mwa ndege wakubwa wanaotambulika kwa urahisi zaidi nchini Tanzania. Ushungi wake wa manyoya magumu yenye rangi ya dhahabu, uliosimama kichwani mfano wa taji, ndio uliompa jina. Huishi katika vinamasi, mbuga za nyasi na mashamba ya nyanda za kaskazini, ikiwemo Kreta ya Ngorongoro na ukanda wa Ziwa Eyasi, ambamo imo Mang'ola wilayani Karatu, mkoani Arusha.

Pamoja na kufahamika huko, ndege huyu yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Tangu mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) limemweka katika kundi hilo kutokana na kasi ya kupungua kwa idadi yake. Makala hii inaeleza asili yake, maumbile yake, namna anavyoishi na kuzaliana, na sababu zinazofanya uhifadhi wake katika ukanda wa Mang'ola usitenganishwe na utunzaji wa chemchemi ambazo wananchi wanazitumia kwa kunywa na kwa kilimo.

Jina na ukoo

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, neno korongo hutumika kwa ndege wengi warefu wenye miguu mirefu, hata wale wasio wa ukoo mmoja. Neno hilohilo humaanisha pia bonde jembamba lililochimbwa na maji, hivyo msikilizaji hutambua maana kutokana na muktadha. Neno taji huongezwa ili kumtenga ndege huyu na wengine.

Wataalamu wa viumbe humwita Balearica regulorum, jina alilopewa kitaalamu mwaka 1834 na Edward Turner Bennett, mwanasayansi wa Uingereza. Yumo katika familia ya korongo halisi, ambayo ina spishi 15 duniani kote. Sita kati ya hizo huonekana barani Afrika: nne huzaliana ndani ya bara na mbili huja kukimbia majira ya baridi ya Ulaya na Asia. Tanzania ina spishi mbili zinazozaliana nchini. Ya kwanza ni korongo taji. Ya pili ni korongo mkubwa zaidi, mwenye vipande viwili vya ngozi vinavyoning'inia chini ya kidevu, ambaye makazi yake yako zaidi katika ardhioevu za magharibi na kusini mwa nchi.

Korongo taji wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ni wa nususpishi moja, inayotofautiana kidogo na ile ya kusini mwa Afrika kwa ukubwa wa ngozi nyekundu iliyo wazi juu ya shavu. Ndugu yake wa karibu ni korongo taji mweusi, anayepatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi Sudan Kusini, Ethiopia na sehemu za kaskazini mwa Uganda na Kenya.

Masalia ya kale yaliyochimbwa Ulaya na Amerika Kaskazini yanaonesha kuwa jamii ya makorongo taji ni ya zamani sana kuliko makorongo mengine yaliyopo leo, na kwamba zamani ilienea hadi mabara hayo. Dunia ilipopoa, jamii hiyo ilibaki Afrika pekee, kwa kuwa haikuweza kuhimili baridi kali. Kwa maana hiyo, Afrika ndiyo makazi ya mwisho ya ukoo huu.

Maumbile yake

Korongo taji mzima ana kimo cha takribani mita 1 na uzito wa karibu kilo 3.5. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia upana wa takribani mita 2. Mwili na shingo vina rangi ya kijivu. Paji la uso ni jeusi na laini kama mahameli, mashavu ni meupe yenye doa jekundu kwa juu, na chini ya kidevu huning'inia kifuko chekundu cha ngozi. Macho yake ni ya kijivu chenye ubuluu.

Mabawa ndiyo yenye rangi nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya juu ni nyeupe, na nyuma yake kuna manyoya ya rangi ya kahawia na meusi, pamoja na manyoya marefu ya rangi ya majani makavu. Ndege akiwa ametua, weupe huo huonekana kama kiraka ubavuni. Akiruka, huonekana kutoka mbali.

Dume na jike hufanana, ingawa dume huwa mkubwa kidogo. Kinda aliyekwisha kuruka hutambulika kwa rangi ya kahawia mwilini, ushungi mfupi usiong'aa na mashavu ambayo bado hayajawa meupe. Tofauti hiyo ni muhimu kwa wanaofanya sensa ya ndege, kwa kuwa huwawezesha kujua ni wangapi katika kundi wamezaliwa karibuni.

Korongo taji huruka akiwa amenyoosha shingo mbele na miguu nyuma, tofauti na yangeyange ambaye hukunja shingo anaporuka. Aidha, ana kidole kirefu cha nyuma kinachomwezesha kushika tawi. Kwa sababu hiyo, korongo wa jamii ya taji hulala juu ya miti, jambo ambalo makorongo mengine hayawezi. Jioni huonekana wakiruka kwa makundi kutoka malishoni kwenda kwenye miti mirefu iliyo karibu na maji. Pale ambapo hakuna miti, hulala wakiwa wamesimama ndani ya maji ya kina kifupi.

Makazi katika Ngorongoro na Mang'ola

Maisha ya korongo taji yanahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: kinamasi chenye majani marefu kwa ajili ya kiota, na ardhi ya wazi yenye nyasi fupi au mazao kwa ajili ya malisho. Mahali penye kimoja bila kingine hapamtoshi.

Kreta ya Ngorongoro ina vyote viwili. Ndani ya sakafu ya kreta, yenye eneo la takribani kilomita za mraba 250, kuna vinamasi vya Mandusi na Gorigor, chemchemi ya Ngoitokitok na Mto Munge, vikiwa vimezungukwa na uwanda mpana wa nyasi unaolishwa na nyumbu, pundamilia na nyati. Korongo taji hupata faida ya kulisha karibu na wanyama hao, kwa sababu nyasi zilizokwisha kuliwa humrahisishia kuona wadudu. Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, ikaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, na mwaka 2010 ikatambuliwa kuwa urithi wa asili na wa utamaduni kwa pamoja.

Mang'ola iko nje ya kreta, chini ya Mlima Oldeani, takribani kilomita 50 kusini-magharibi mwa mji wa Karatu. Mazingira yake yanatofautiana sana na ya nyanda za juu. Eneo la Ziwa Eyasi liko kwenye kimo cha takribani mita 1,030 juu ya usawa wa bahari, ni la joto na mvua zake ni chache. Ziwa lenyewe lina maji ya chumvi na magadi, halina mto unaotoka, na katika miaka ya ukame sehemu kubwa yake hukauka na kuacha uwanda mweupe. Kinamasi cha majani marefu hakiwezi kustawi katika maji ya namna hiyo.

Kinachoifanya Mang'ola iwe ya kijani ni chemchemi za maji baridi, ikiwemo zile za Qangdend. Mvua inayonyesha katika misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro hupenya ardhini, husafiri chini kwa chini katika miamba ya volkano, kisha hutokeza tena chini ya mteremko. Hivyo tone lililoanguka katika msitu wa Oldeani ndilo linalootesha matete karibu na Ziwa Eyasi. Pembezoni mwa mikondo ya chemchemi hizo huota matete, mafunjo na ndago, na pia migunga mirefu. Haya ndiyo mazingira ambayo korongo taji huyatafuta. Hatua chache kutoka hapo huanza mashamba na malisho, yaani ile ardhi ya wazi anayoihitaji.

Ukanda huu ni makazi ya Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw, Waisanzu na wananchi wengine waliohamia kwa ajili ya kilimo. Wahadzabe wameishi kwa uwindaji na kukusanya vyakula vya porini, Wadatoga kwa ufugaji, na wengine kwa kilimo cha umwagiliaji ambacho kimeifanya Mang'ola ijulikane kwa vitunguu vinavyouzwa ndani na nje ya nchi.

Chakula chake

Korongo taji hula vyakula vya aina nyingi. Hula mbegu za nyasi na ncha za majani machanga, panzi na wadudu wengine, minyoo, vyura, mijusi wadogo na kaa wa maji baridi. Mashambani huokota punje za mahindi, mtama na ulezi, pamoja na karanga na maharage ya soya yaliyobaki baada ya mavuno.

Anapolisha hutembea polepole huku akikanyaga ardhi kwa nguvu, mguu mmoja baada ya mwingine. Kishindo hicho huwafurumusha wadudu waliojificha kwenye nyasi, naye huwadaka kwa mdomo wake mfupi. Mdomo huo haukuumbwa kwa ajili ya kuchimba kwa kina, tofauti na ule mrefu wa makorongo mengine, ndiyo maana hutegemea zaidi kilicho juu ya ardhi au karibu na uso wake.

Kwa mkulima, tabia hizi zina sura mbili. Kwa upande mmoja, ndege huyu hupunguza panzi na wadudu wanaoshambulia mazao. Kwa upande mwingine, makundi yakiingia katika shamba lililopandwa karibuni huweza kufukua mbegu na kung'oa miche michanga, hususan ya mahindi. Vitunguu havimo katika vyakula vyake vinavyofahamika.

Kuzaliana na malezi

Korongo taji huanza kuzaliana baada ya kutimiza takribani miaka mitatu. Dume na jike wakishaungana hukaa pamoja kwa muda mrefu, na kila jozi hulinda eneo lake la kinamasi dhidi ya jozi nyingine. Katika Afrika Mashariki huzaliana karibu mwaka mzima. Kinachoamua zaidi ni hali ya maji, kwa kuwa kiota huhitaji maji ya kutosha kukizunguka bila kukifunika.

Kiota hujengwa kwa kukata na kukanyaga matete na ndago hadi kutengeneza jukwaa la mviringo katikati ya majani yanayoficha ndege anayeatamia. Maji yanayozunguka kiota ni kinga dhidi ya mbweha, nguchiro na mbwa. Kinamasi kikikauka wakati mayai yakiwa kiotani, kinga hiyo hutoweka, na mayai hufikiwa na mnyama yeyote anayepita.

Jike hutaga mayai mawili hadi manne, idadi kubwa kuliko ya korongo mwingine yeyote. Wazazi wote wawili huatamia kwa zamu kwa siku 28 hadi 31. Makinda huanguliwa yakiwa na manyoya laini, na baada ya muda mfupi huweza kutembea na kuogelea yakiwafuata wazazi. Hata hivyo hayawezi kuruka mpaka yatimize kati ya siku 56 na 100. Katika kipindi chote hicho, yaani miezi miwili hadi mitatu na zaidi, familia hutegemea majani marefu ya kinamasi kwa maficho.

Kipindi hiki ndicho chenye hatari kubwa zaidi katika maisha ya korongo taji. Kinda asiyeweza kuruka hukamatwa kwa urahisi na mnyama, na pia na binadamu. Akikatwa majani yanayomficha, au mifugo na mbwa wakiingia kinamasini kila siku, nafasi yake ya kufikia umri wa kuruka hupungua sana.

Ngoma na sauti

Makorongo yote hucheza, na korongo taji ni miongoni mwa wanaocheza zaidi. Ndege hutikisa kichwa juu na chini, huinama, hukunjua mabawa, huruka juu na kutua, hukimbia kwa mizunguko, na pengine hurusha majani hewani. Mara nyingi mmoja akianza, kundi zima hufuata. Ngoma hiyo huhusiana na kutafuta na kuimarisha jozi, lakini makinda na ndege wasio na jozi nao hucheza, na haingoji msimu maalumu.

Sauti yake ni mlio mzito wa pande mbili unaosikika mbali, hasa asubuhi na jioni kundi linapoondoka au kurejea mtini. Jozi iliyo kiotani hutoa mlio mwingine wa chini, kama mvumo, kwa kujaza hewa katika kile kifuko chekundu cha shingoni.

Uzuri wa umbo na ngoma vimempa heshima katika ukanda wote. Uganda ilimfanya alama ya taifa, na picha yake imo katikati ya bendera ya nchi hiyo iliyopandishwa siku ya uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, pamoja na nembo ya taifa. Uzuri huohuo, hata hivyo, umekuwa chanzo cha madhara, kwa kuwa umewavuta watu kumkamata na kumfuga kama pambo katika nyumba na hoteli.

Hali ya idadi yake

Mwaka 1985 idadi ya korongo taji barani Afrika ilikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Kufikia mwaka 2004 makadirio yalishuka hadi kati ya 50,000 na 64,000, na kupungua kumeendelea baada ya hapo. Sababu zinazotajwa na wataalamu ni kukauka na kulimwa kwa ardhioevu, kukamatwa kwa ndege hai na mayai kwa ajili ya biashara na ufugaji, sumu zinazotegwa mashambani au zinazotokana na viuatilifu, na kugonga nyaya za umeme.

Kupungua huku si rahisi kukuona kwa macho. Korongo taji huishi muda mrefu, na ndege mzima anaweza kufikia umri wa miaka zaidi ya 20 akiwa porini. Kwa hiyo kundi lilelile linaweza kuonekana mwaka hata mwaka katika shamba lilelile, na wananchi wakaamini kuwa hali ni njema, ilhali hakuna kinda hata mmoja aliyefikia kuruka kwa miaka kadhaa. Kundi hilo linazeeka bila kurithiwa. Wazee wakifa, ndege hutoweka katika eneo hilo kwa muda mfupi, na watu hushangaa walikokwenda.

Kipimo sahihi cha hali ya korongo taji katika eneo lolote ni idadi ya makinda wanaofikia kuruka. Nayo hutegemea kinamasi kilichobaki na maji na majani yake kwa miezi yote inayohitajika kuanzia yai hadi kuruka. Katika nchi kavu kama ya Bonde la Eyasi, kinamasi hicho hakitokani na mvua ya hapo. Kinatokana na chemchemi.

Maji yaleyale, watumiaji wengi

Chemchemi za Mang'ola zina watumiaji wengi. Kaya huchota maji ya kunywa, wafugaji huleta ng'ombe na mbuzi, wakulima huyaelekeza mashambani kwa mifereji na pampu, na kile kinachobaki hutiririka kwenye matete na hatimaye ziwani. Kilimo cha vitunguu kinahitaji maji mara kwa mara, na kadiri eneo linalolimwa linavyopanuka, ndivyo kiasi kinachofika chini kinavyopungua.

Kinachomwathiri ndege ni mambo matatu. La kwanza ni kupungua kwa maji yanayofika kinamasini, hasa miezi ya kiangazi ambapo mashamba nayo huhitaji maji zaidi. La pili ni kulimwa au kukatwa kwa majani ya pembezoni mwa chemchemi na mikondo yake. La tatu ni viuatilifu, ambavyo vikitumika bila kuzingatia maelekezo hufika majini na kuingia katika wadudu na vyura wanaoliwa na ndege.

Mambo hayo matatu humdhuru mwananchi pia. Mkondo usio na majani pembezoni hupoteza ukingo wake na kujaa mchanga. Chemchemi inayolimwa hadi ukingoni huchafuka, na maji yenye viuatilifu hunywewa na watu na mifugo walio chini ya mkondo. Mkulima wa mwisho kwenye mfereji na korongo anayeatamia kwenye matete hukosa maji kwa wakati mmoja na kwa sababu moja. Kwa hiyo kinamasi chenye kiota cha korongo taji ni ishara kwamba maji bado yanafika chini kwa kiasi kinachoridhisha.

Sheria na sera zinazohusika

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mpangilio wa vipaumbele katika ugawaji wa maji: kwanza mahitaji ya msingi ya binadamu, pili mazingira yanayolinda vyanzo vyenyewe, kisha shughuli za uchumi kama kilimo na viwanda. Kwa mujibu wa mpangilio huo, maji ya kutunza kinamasi yana haki yake kabla ya yale ya biashara. Matumizi ya maji katika ukanda wa Eyasi yapo chini ya usimamizi wa Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 ndiyo inayoweka utaratibu wa vibali vya matumizi ya maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa ziwa au bwawa. Umbali huo, ukiheshimiwa, unatosha kubakiza ukanda wa matete ambao ndege na makinda wake wanauhitaji.

Kuhusu ndege mwenyewe, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda, kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali, na ndege wa porini wamo katika tafsiri hiyo. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Katika ngazi ya kimataifa, korongo taji yumo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe walio Hatarini Kutoweka (CITES), ambacho huruhusu biashara kwa masharti na udhibiti pekee. Vilevile, nchi wanachama wa Mkataba wa Uhifadhi wa Ndege Maji Wahamao wa Afrika na Ulaya-Asia (AEWA), Tanzania ikiwemo, zilipitisha mpango kazi maalumu wa kumhifadhi korongo taji katika mkutano uliofanyika Bonn, Ujerumani, mwezi Novemba 2015.

Funzo kutoka Rwanda

Nchi jirani ya Rwanda inaonesha kuwa hali inaweza kugeuzwa. Huko, korongo taji wengi walikuwa wamekamatwa wakiwa makinda na kufugwa majumbani, huku vinamasi vikiwa vimelimwa. Kuanzia mwaka 2014, serikali na wahifadhi waliwataka wananchi kuwasalimisha ndege hao bila kuadhibiwa. Waliokuwa na afya njema walirejeshwa porini, na waliokuwa wamevunjwa au kukatwa mabawa walitengewa mahali pa kutunzwa. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu ndege 487 porini. Kufikia mwaka 2022 idadi ilikuwa imevuka 1,000.

Mafanikio hayo yalitokana na hatua mbili zilizokwenda pamoja: kuacha kukamata makinda, na kuwatumia wananchi wanaoishi kando ya vinamasi kuvilinda na kuhesabu ndege kila mwaka.

Wajibu wa mwananchi

Uhifadhi wa korongo taji katika Karatu na Ngorongoro unawezekana kwa hatua zilizo ndani ya uwezo wa kaya na kijiji. Mwananchi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kinda anayeonekana peke yake kwenye matete asichukuliwe. Mara nyingi wazazi wako karibu na hurejea mtu akiondoka. Kumpeleka nyumbani ni kumwua polepole, na ni kosa kisheria.

Ukanda wa majani pembezoni mwa chemchemi na mikondo usilimwe wala kuchomwa moto. Pale ambapo majani hukatwa kwa ajili ya mifugo au kuezekea, yakatwe kwa sehemu na kwa zamu, huku sehemu nyingine ikiachwa isimame.

Mbwa wazuiwe kuzurura kinamasini. Mifugo inyweshwe katika maeneo yaliyotengwa ili isikanyage viota.

Shamba lililopandwa karibuni lilindwe kwa kuwafukuza ndege mpaka miche ishike, kipindi ambacho ni kifupi. Kutega mbegu zenye sumu ni hatari kwa ndege, kuku, mifugo na watoto.

Viuatilifu vitumike kwa kipimo kilichoelekezwa na maafisa ugani. Vyombo vyake visioshwe katika chemchemi wala mfereji.

Jumuiya za watumia maji zipange zamu za umwagiliaji kwa namna inayoacha kiasi cha maji kupita kuelekea chini hata wakati wa kiangazi.

Mwananchi anayeona ndege aliyejeruhiwa, aliyekamatwa au anayeuzwa atoe taarifa kwa ofisi ya kijiji, afisa wanyamapori wa wilaya, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), au Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro (NCAA) iwapo tukio limo ndani ya hifadhi.

Korongo taji hahitaji ardhi kubwa. Jozi moja huweza kulea makinda katika kinamasi kidogo kando ya mashamba, mradi maji hayakauki na majani hayaondolewi kabla makinda hayajaruka. Chemchemi za Mang'ola zikitunzwa kwa kiwango hicho, zitaendelea kumnywesha mkazi wa chini ya mkondo, kumwagilia kitunguu, na kumpatia ndege huyu mahali pa kuatamia.